Tarehe Sita ya Mwezi wa Kwanza

Kila asubuhi, saa moja na nusu, Madame Agnès Kalaba huita majina ya wanafunzi wake wa darasa la kwanza. Huyaita kwa sauti ya juu, bila haraka, kidole kikishuka juu ya karatasi, na kila mtoto huitika "Présent!" kana kwamba anagombezwa. Mwaka huu jina la mwisho ni la hamsini na moja. Baada ya jina hilo kidole hakiinuki. Anatazama ukuta wa nyuma, penye misumari minne isiyobeba kitu, anangoja pumzi tatu au nne, kisha anafunga orodha na kuchukua chaki.

Watoto wamezoea. Mgeni tu ndiye huuliza.

"Madame, kuko mwengine?"

"Hakuna. Mufungue kaye." Na madaftari yanafunguliwa.

Mwaka jana mtoto mmoja mtundu, Kapya, aliitika ndani ya kimya kile: "Présente!" Darasa zima likaangua kicheko. Madame Agnès aliketi, akabaki ameketi hivyo hadi kengele ya mapumziko, na watoto wakachora walichotaka. Kesho yake Kapya alimletea kipande cha muwa kilichofungwa kwenye karatasi ya daftari. Tangu hapo hakuna aliyeitika tena.

Uitaji huu wa majina nimeuona mwenyewe kwa sababu tangu shule ifunguliwe ninakaa nyuma ya darasa lake. Parokia imenipa kazi ya kunakili vitabu vya zamani vya shule kwenye kompyuta, na ofisi ya mkuu wa shule inavuja, kwa hiyo meza yangu iko chini ya ile misumari minne. Mimi si mtu wa kuuliza maswali. Mengine ya hadithi hii nimeyasikia kwa walimu wenzake, mengine kwa mzee Floribert anayetengeneza baiskeli mbele ya lango, na mengine Madame Agnès aliyasema mwenyewe, kidogo kidogo, akisahihisha madaftari, bila kuinua kichwa.

Alizaliwa hapa Makomeno, mtaa wa Lubumbashi. Baba yake alikuwa karani wa reli, mtu wa Kongolo, aliyevaa saa mkononi hata siku aliyozikwa. Alikuwa na msemo mmoja ambao watoto wake walilala nao na kuamka nao: treni haijui "karibu". Mtu akimwambia "nitafika karibu saa nne", yeye alijibu: "Saa nne iko na dakika gani?" Zama zake familia nzima ilitibiwa kwa kijitabu chake cha kazi. Alipofariki, kijitabu nacho kilikuwa kama kimezikwa naye, na mama yake Agnès akajua kwa mara ya kwanza bei ya kidonge. Agnès alisomea ualimu. Sasa ana zaidi ya miaka thelathini darasani, ni mjane, wanawe wawili wako Kolwezi. Mwandiko wake unafanana na ule wa kwenye vitabu. Na ndani ya mkoba, siku zile, alikuwa amefunga kwa plastiki kadi yake ya mutuelle, bima ya afya ya walimu, ambayo akiionyesha hospitalini alipokelewa na kuambiwa aketi.

Watu wengi wa mitaa ya nyuma yetu hawana kadi ya namna hiyo. Ndiyo maana mambo yakawa yalivyokuwa mwaka wa kuandikisha wapiga kura.

Ilikuwa mwanzoni mwa 2023, katikati ya mvua, ambazo kwetu huanza mwezi wa kumi na kupita Noeli. Darasa la Madame Agnès lilifanywa kituo, na wanafunzi wake wakahamishiwa kwenye ukumbi wa parokia. Ukutani, kwa misumari minne, wakatundika shuka jeupe la kupigia picha, na mbele yake kiti cha plastiki. Kwa sababu ya mwandiko wake mzuri, Madame Agnès alichukuliwa kujaza fishi, fomu za kuandikishwa, kwenye meza ya kwanza: jina, wazazi, mahali, tarehe ya kuzaliwa, sahihi. Kwenye meza ya pili alikaa Kambale, kijana wa Butembo ambaye baba yake ana ghala la unga na sabuni mjini. Yeye ndiye aliyekuwa na mashine. Alipiga picha, akachukua alama za vidole, na kadi ikatoka ingali na joto.

Kwetu kadi ya kupiga kura ndiyo kitambulisho. Bila hiyo huchukui fedha uliyotumiwa kwa simu, hupiti kwa polisi bila maneno mengi. Lakini mtaani mwetu ilikuwa na kazi nyingine tena. Mtu asiye na bima akifika kliniki bila fedha ya kuanzia, huulizwa kadi. Kadi inaingia kwenye droo, mgonjwa anaingia wodini. Atakapolipa, atarudishiwa. Basi foleni ya kuandikishwa ilikuwa foleni ya watu wenye kikohozi, wenye miguu iliyovimba, mama wenye watoto wenye homa mgongoni. Walikuja kutafuta kitu cha kuacha kwenye droo.

Kambale alikuwa haishi kuwachokoza.

"Madame, humu hamuna mupiga kura hata moja. Bote banakuya kutafuta mutuelle!"

"Nyamaza, ufanye kazi."

"Ni kweli! Tata Floribert, weye utapigia nani?"

"Ntapigia dokta," mzee Floribert akajibu kutoka kwenye foleni, ameshika tumbo lake lenye ngiri. "Miye niko na hernie, mwanangu. Hernie haina chama."

Hata wale wenye homa walicheka. Floribert alikuwa na kazi kubwa pale kituoni. Asiye na karatasi yoyote aliweza kuleta majirani watatu walioandikishwa tayari, waseme wanamjua, na ana miaka ya kutosha. Floribert, aliyekwisha kuandikishwa siku ya pili, akawa shahidi wa nusu ya mtaa. Kambale alimwita Tata wa Bantu Bote, baba wa watu wote.

Benita alikuja siku ya Jumatano, mvua ikipiga mabati. Alikuwa na mimba ya miezi minane na zaidi. Aliyempa mimba alikuwa amekwenda kuchimba madini upande wa Kinsevere na simu yake haikuitika tena. Benita alifuatana na mama yake, Mama Céline, na nyuma yao Floribert na majirani wawili, mashahidi. Alikuwa amechana nywele vizuri na kuvaa hereni alizoazima kwa ajili ya picha.

"Yambo, Madame."

"Benita! Ni weye huyu?" Madame Agnès alisimama. Yeye ndiye aliyemfundisha kuandika, katika darasa lilelile. "Bado unaandika b ya kuangalia nyuma?"

"Niliacha, Madame." Akacheka, mkono mdomoni kama zamani.

Mama Céline ndiye aliyeeleza. Mtoto amekaa vibaya tumboni, muuguzi amesema huenda wakapasua. Kliniki imewaambia walete fedha ya kuanzia, ama kadi. Fedha hawana.

"Miye karte yangu ilipoteaka ku Kambove, na bado banasema ningoje," akasema. "Basi apate ya kwake."

"Hakuna shida. Benita, ulizaliwa lini?"

Benita akamtazama mama yake.

"Mbele ya Noeli," akasema Mama Céline. "Deux mille cinq. Nilimuzaa kule Kambove, nilikuwa napikia bachimbaji. Noeli tuliikula naye mugongoni."

Kalamu ya Madame Agnès ilikuwa imekwisha kuandika 2005. Hapo ikasimama. Mwaka huo walioruhusiwa ni waliozaliwa kabla ya 2006, na yeye alikuwa na kumbukumbu ya tarehe, ugonjwa wa baba yake.

"Mungoje kidogo," akasema.

Akafungua mwavuli, akavuka uwanja hadi ofisini, akarudi na kitabu cha matrikule, rejista ya wanafunzi, cha mwaka 2012, kikubwa, jalada la kijani, amekikumbatia kisilowe. Akakiweka juu ya meza, akapekua, kidole kikashuka.

"Benita, binti ya Céline. Tarehe sita, mwezi ya kwanza, deux mille six."

Watu wa foleni wakasogea kusikiliza.

"Siku sita, Madame?" Floribert akauliza. "Siku sita tu? Hata mukate wa kukauka unafikaka siku sita!"

"Madame, andika tu," akasema Kambale. "Uangalie ile tumbo. Kama ile haina miaka kumi na munane, ni nini?"

"Sheria ni sheria. Nikiandika uongo, anayetia sahihi ni miye, hapana weye."

"Lakini miye nilizaa," Mama Céline akasema taratibu. "Nilikuwa pale, Madame."

"Alikuwa pale," Floribert akaongeza. "Ile hatuna mashaka."

Watu wakacheka, na kicheko hicho kilimkera Madame Agnès. Alikigeuza kitabu kimwelekee mama yule, akaweka kidole chini ya mstari.

"Mama Céline, kitabu hakisahauke. Ni bantu banasahauka."

Mama Céline hajui kusoma. Aliinama, akatazama wino pale kidole kilipokuwa, akaugusa kwa dole gumba. Binti yake hakuanza shule mikononi mwake. Alimtuma Lubumbashi akiwa mdogo, akae na kambo yake, yaani bibi yake, na kambo huyo ndiye aliyempeleka shuleni, kisha akafariki. Yeye mwenyewe alikuwa Kambove akikoroga bukari, ugali wetu, kwenye sufuria za watu arobaini.

"Kama kitabu inasema vile," akasema, "pengine nilichanganya. Pengine ile ilikuwa Noeli ya kufuata."

Benita hakuwa amesikia vizuri. Alipochoka kusimama alikwenda kuketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya shuka jeupe, akanyoosha shingo, akatulia, akiitazama mashine. Kambale alimwendea.

"Simama, ma sœur. Haitawezekana."

"Hata foto tu?"

Kambale akageuka kumtazama Madame Agnès. Madame Agnès akatikisa kichwa, akaita anayefuata.

Siku ya tisa baada ya Jumatano ile uchungu ulimshika. Walifika kliniki asubuhi. Aliyekaa kwenye dirisha la mapokezi aliuliza fedha, kisha akauliza kadi. Mama Céline alimketisha Benita kwenye benchi la barazani, akakimbia kwa Floribert. Kadi ya Floribert ilikuwa tayari ndani ya droo ya kliniki hiyohiyo, kwa ajili ya ngiri yake. Akakimbia kwa jirani wa pili, hayupo. Wa tatu akampa ya kwake bila kuuliza. Aliporudi, benchi lilikuwa tupu na limelowa. Muuguzi mmoja alikuwa amemwonea huruma, akamwingiza bila kadi, lakini saa zilikuwa zimekwenda. Mtoto alitoka mzima, msichana. Benita aliendelea kutoka damu, na kabla ya saa sita mchana alikuwa amekwisha.

Floribert ndiye aliyeleta habari kituoni. Alisimama mlangoni, kofia mkononi. Kambale alizima mashine. Madame Agnès alimaliza kujaza fishi aliyokuwa nayo, akaipitia mara mbili, akaisaini.

Alikwenda kwenye kilio. Wanawake walikuwa wameketi juu ya mikeka uani kwa Mama Céline. Kwetu, mbele ya waombolezaji, huwekwa picha ya marehemu juu ya kiti. Kiti kilikuwepo, na kitambaa cheupe juu yake. Juu ya kitambaa hakukuwa na kitu. Benita hakuwahi kupigwa picha ukubwani, na kila aliyeingia uani aliinamisha kichwa mbele ya kitambaa kile kana kwamba anaona uso.

"Ni azabu yangu," Mama Céline alikuwa akisema, mtoto mchanga mapajani. "Mama gani anasahau siku ya kuzaa mwana yake? Kama ningekumbuka ni Janvier, singetegemea karte. Ningetafuta njia ingine tangu mwanzo. Nilisahau. Miye mwenyewe."

Wanawake walimwambia anyamaze, asijilaumu, kichwa cha binadamu si sanduku. Alirudia tena na tena. Nilisahau. Miye mwenyewe. Madame Agnès aliinuka kabla ya chakula. Floribert alimkuta nje, ameegemea ukuta wa matofali kwa viganja viwili.

"Madame, ni malaria?"

"Pengine."

"Uende upimishe. Weye uko na mutuelle."

Kituo kilipofungwa, Kambale aliteremsha shuka lakini misumari hakuing'oa. Wanafunzi wakarudi darasani. Siku ya kwanza Madame Agnès aliita majina, akafika la mwisho, na kidole hakikuinuka. Mwalimu wa darasa la pili, aliyepita kuazima chaki, alimwona hivyo na akadhani anasali. Mwezi wa kumi na mbili walipomwita kusimamia kura katika chumba hichohicho, alisema macho yanamuuma. Siku ya kura hakutoka kwake. Huko mtaani anazunguka njia ndefu ili asipite mbele ya kliniki, na mkoba wake, tangu wakati huo, haubebi tena kadi ile ya bima. Siku aliyoumwa kweli, mwaka jana, aliketi kwenye foleni ya wasio nayo, akangoja kutwa nzima, akarudi nyumbani bila kuonwa.

Haya yote niliyajua, na bado sikuelewa. Sheria ilikuwa sheria. Tarehe ilikuwa kitabuni. Walimu wenzake nao wanasema hivyo: Agnès anajitesa bure, alifanya kazi yake.

Jumatatu iliyopita, baada ya wanafunzi kwenda nyumbani, mvua ya kwanza ya mwaka huu ilianguka. Mama Céline aliingia darasani akimshika mkono mtoto aliyevaa viatu vya kulia na kushoto vilivyobadilishana. Alikuwa anamwandikisha kwenye shule ya watoto wadogo, na Madame Agnès ndiye anayeshika kitabu hicho.

"Yambo, Madame."

"Yambo, Mama Céline. Jina la mutoto?"

"Tracy."

Mtoto alikuwa amekwisha kuja upande wangu. Alipanda kwenye kiti kilicho karibu na meza yangu, chini ya misumari, akaketi, akanyoosha shingo.

"Ushuke pale!" Madame Agnès alisema kwa haraka. Mtoto akashtuka. Kisha, kwa sauti nyingine, akimruhusu aketi: "Basi. Ikala, mama. Ikala tu."

Mama Céline alifungua ncha ya kitenge, akatoa karatasi ya kliniki iliyokunjwa mara nyingi hadi mikunjo ikawa matundu.

"Huyu usiniulize miye siku yake, Madame. Uandike vile karatasi inasema. Kichwa yangu haikamatake tarehe, unajua."

Madame Agnès alinakili siku, mwezi, mwaka. Aliandika polepole sana. Mama Céline akashukuru, akamwita mtoto, na wote wawili wakasimama mlangoni kungoja mvua ipungue. Akapiga goti kumbadilishia Tracy viatu.

Mbele yangu kulikuwa na kitabu cha kijani cha mwaka 2012. Siku mbili nilikuwa nikikinakili. Kina safu ya jina, ya wazazi, ya tarehe, na safu moja ya namba ya cheti cha kuzaliwa. Wenye cheti wana namba, na tarehe zao zimesambaa mwaka mzima, mwezi wa tano, wa nane, wa kumi na moja. Wasio na cheti wamewekewa kistari. Nilikuwa nimewahesabu bila kukusudia, tabia yangu mbaya. Walikuwa kumi na wanne. Wote walizaliwa mwezi wa kwanza. Tarehe sita, tarehe kumi na tatu, tarehe ishirini, kisha tena sita, kumi na tatu, ishirini, kwa mwandiko mmoja unaofanana na ule wa kwenye vitabu. Kwenye mstari wa Benita kulikuwa na kistari.

Kompyuta ilikuwa inaningoja nijaze chanzo cha tarehe. Nilikibeba kitabu hadi kwenye meza yake, nikaweka kidole chini ya mstari ule.

"Madame," nikasema, kwa sauti ambayo mvua karibu iifunike, "hii tarehe alikupatia nani?"

Hakuhitaji kutazama kitabu. Alitazama mlangoni, ambapo Mama Céline alikuwa bado amepiga goti, mgongo kwetu, akifunga kiatu cha pili. Aliinuka, akashika ukingo wa meza, na akajibu kwa sauti ileile anayoitia majina, ya kufika hadi mwisho wa darasa.

"Hakuna. Kambo yake alinambia tu: mu mvua. Ile tarehe sita, niliandika ni miye."